Albamu inaitwa 76:14 lakini nyimbo zake zinajumlisha 76:12. Sekunde 2 ziko wapi?

#1 Kinanda77
Wakuu, habari za jioni. Naenda moja kwa moja.

Global Communication ni Waingereza wawili, Tom Middleton na Mark Pritchard. Mwaka 1994 walitoa albamu ya ambienti (muziki wa elektroniki mtulivu, wa kuzama) kupitia lebo ya Dedicated. Nyimbo 10, hakuna hata mmoja wenye jina. Kila wimbo unaitwa kwa urefu wake, na albamu nzima ikaitwa 76:14, ili msikilizaji asielekezwe na maneno aone bahari au aone jangwa. Aone anachoona mwenyewe.

Sasa shika kalamu: 4:02, 14:31, 9:25, 9:39, 7:39, 0:54, 8:07, 5:23, 4:14, 12:18 (mpangilio siutetei, najumlisha tu). Nimerudia mara tatu, inakuja 76:12.

Maswali ni mawili. Sekunde 2 zimekwenda wapi? Na kwa nini jamaa hawa hawatajwi, wakati wenzao wa muziki huo, Aphex Twin na The Orb, kila mtu anawajua? Nawasilisha.

#2 Bangaiza
Ngoja waje wenye sahani zao. Nimekaa paleee.

#3 FundiSahani
Jibu la swali la kwanza ni jepesi, mkuu. CD ya muziki haianzi kuhesabu pale sauti inapoanzia. Kabla ya wimbo wa kwanza kuna pengo la lazima la sekunde 2, na kwa kuwa CD inakwenda fremu 75 kwa sekunde, hilo ni pengo la fremu 150. Ndiyo maana kwenye jedwali la yaliyomo la sahani, wimbo wa kwanza unakaa kwenye anwani 00:02:00, siyo 00:00:00. Muziki ukiwa 76:12, mwisho wa sahani unaandikwa 76:14.

Kwa hiyo aliyetoa jina alisoma anwani ya mwisho wa sahani, na majina ya nyimbo yakatokana na urefu wa nyimbo zenyewe. Hesabu imefungwa.

#4 Mwanahisabati_Tanga
Haijafungwa. Post #3 inaeleza jinsi inavyoweza kuwa, haithibitishi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kuna maelezo mengine yasiyohitaji pengo lolote.

Wimbo hauishii kwenye sekunde kamili. Wa 14:31 unaweza kuwa 14:31 na fremu 40, hizo 40 zikatupwa wakati wa kuandika jina. Nyimbo 10, kila mmoja umeangusha kipande. Ukijumlisha urefu halisi, vile vipande vinarudi na jumla inapanda.

#5 FundiSahani
Sawa, lakini vipande vya nyimbo 10 kwa wastani ni nusu sekunde kila kimoja. Ilitakiwa zipotee 5, siyo 2.

#6 Mwanahisabati_Tanga
Wastani ni 5, kweli. Nimepiga hesabu kamili. Ukitupa vipande (bila kukadiria), uwezekano wa vipande 10 kujumlisha kati ya sekunde 2 na 3 ni kama mara 1 katika 76.

Ukikadiria kwenda sekunde iliyo karibu, yaani fremu 38 kwenda juu zinahesabiwa sekunde nzima, uwezekano wa kukosana kwa 2 kwenda juu ni kama mara 1 katika 21. Ni jambo la nadra, ila linatokea.

#7 Bangaiza
Mara 1 katika 76? Hapo umetunga, mkuu 😂

#8 Mwanahisabati_Tanga
Piga mwenyewe. Chukua 3 kipeo cha 10, toa mara 10 ya 2 kipeo cha 10, ongeza 45. Unapata 48,854. Hiyo ni kwa jumla iliyo chini ya 3. Toa iliyo chini ya 2, ambayo ni 1,014. Inabaki 47,840. Gawa kwa 3,628,800. Sikuchagua mimi iwe 76.

#9 MzeeWaDati
Mnasahau kitu kimoja. Mwaka 1994 msanii hakupeleka kiwandani faili. Alipeleka kanda, mara nyingi DAT (kanda ndogo ya dijitali), pamoja na karatasi ya muda: wimbo fulani unaanza hapa, unaishia hapa. Mtu wa masterini (anayeandaa nakala ya mwisho ya kiwandani) ndiye aliyeweka alama za mwanzo wa kila wimbo, na alama aliisogeza mbele au nyuma kidogo ili mlio wa kwanza usikatwe. Nyimbo zinapoyeyushana, mpaka kati ya wimbo na wimbo ni uamuzi wa mtu, haupo kwenye muziki.

Majina yakichukuliwa kwenye karatasi ya studio na jumla ikachukuliwa kwenye sahani iliyokwisha masterishwa, lazima zipishane. Kupishana sekunde 2 tu ni kazi safi sana.

#10 Bi_Sauti
Niingie swali la pili maana la kwanza mnalitafuna wenyewe.

Hawakusahaulika kwa bahati mbaya. Walijificha kwenye majina. Hesabu: Global Communication kwa ambienti. Reload kwa tekno nzito yenye kiza. Link. Jedi Knights kwa elektro na fanki, albamu yao New School Science ya 1996. Chameleon kwa dramu na besi, wimbo Links uliotoka lebo ya Good Looking ya DJ LTJ Bukem mwaka 1995. Secret Ingredients kwa hausi. Mtu aliyeipenda Links hakuwa na namna ya kujua kwamba ni watu walewale wa 76:14. Kila jina lilianza sifuri dukani, na duka lenyewe liliwapanga kwenye rafu nne tofauti.

#11 Kinanda77
Asante Bi_Sauti. Lakini Aphex Twin naye ana majina lukuki na bado anajulikana.

#12 Bi_Sauti
Ana majina, lakini moja ni kubwa na mengine yananing'inia kwake. Hawa walitaka yote yawe sawa. Na tukimtaja huyo Aphex, Tom Middleton yumo kwenye sahani yake Analogue Bubblebath ya 1991, upande wa wimbo En Trance to Exit. Ilitoka Mighty Force ya Bristol.

#13 Rafu_ya_Juu
Exeter, siyo Bristol. Mighty Force lilikuwa duka la santuri la Exeter, lebo ikazaliwa humo. Hilo lina maana, kwa sababu kundi lote hili ni la kusini-magharibi ya Uingereza: Cornwall, Devon, Somerset. Lebo yao wenyewe, Evolution, ilikuwa ya huko huko, baadaye ikaitwa Universal Language Productions. Waandishi wa magazeti ya muziki walikuwa London. Umbali huo pekee unaeleza nusu ya swali la pili.

#14 Bi_Sauti
Nakubali, Exeter. Ila hilo la umbali silikubali. Aphex Twin ni wa Cornwall, mbali zaidi.

#15 Mtu_wa_Lebo
Tatizo ni lebo. Dedicated ilikuwa nyumba ya bendi za magitaa: Spiritualized, Chapterhouse, Cranes. Nyuma yake kulikuwa na kampuni kubwa ya BMG. Mwaka 1992 lebo ya Warp walishatoa mkusanyiko wa Artificial Intelligence na kuwapa wasikilizaji picha kamili: kaa kwenye kochi, sikiliza tekno ya nyumbani. Ukiwa Warp ulinunuliwa hata kabla ya kusikilizwa. Ukiwa Dedicated, mnunuzi alitegemea gitaa.

Lakini bila lebo hiyo hiyo wasingepata nafasi yenyewe. Chapterhouse walitoa albamu Blood Music, wakawapa hawa wawili waifanyie rimiksi. Wakarudi na kazi nzima ya vipande vitano, Alpha Phase mpaka Epsilon Phase. Ndiyo Pentamerous Metamorphosis ya 1998.

#16 Rafu_ya_Juu
1993, mkuu. Ilitoka kwanza kama sahani ya nyongeza ndani ya toleo la Blood Music. 1998 ndipo ikatolewa peke yake. Tofauti ni kubwa: mwaka 1993 maana yake ilitangulia 76:14, ndiyo mazoezi yao ya kutengeneza kazi ndefu isiyokatika. Ukiiweka 1998 inaonekana kama mabaki.

#17 Mtu_wa_Lebo
Nimepokea. Na hilo ni jibu jingine la kusahaulika: kazi yao ya kwanza kubwa iliwekwa kama zawadi ndani ya albamu ya watu wengine, na kwenye rafu ilikaa herufi C ya Chapterhouse.

#18 Pedi_Nzito
Jambo ambalo halijaguswa: 14:31 siyo wimbo uliozaliwa ndani ya albamu. Ni rimiksi yao ya Ob-Selon Mi-Nos ya Mystic Institute, kutoka Evolution. Ikaingia albamu ikavuliwa jina, ikavishwa namba. Kwa hiyo ile hoja ya post #1 ya kutomwelekeza msikilizaji ina tobo: wimbo ulikuwa na jina, tena zito.

Na 5:23 msikilize kwa makini, halafu sikiliza Love on a Real Train ya bendi ya Kijerumani Tangerine Dream. Ule mzunguko wa noti fupi fupi unaojirudia huku juu yake sauti ndefu zikifunguka ni wa nyumba moja.

#19 Kinanda77
Hapo kwenye mzunguko nisaidie. Pedi zao, zile sauti ndefu, zinapumua. Napanga sintesaiza kwenye kompyuta, inatoka kama kengele ya shule.

#20 Pedi_Nzito
Mashine walizotumia wao siwezi kukutajia moja moja, lakini kupumua kuna kanuni. Weka osileta (vizalisha sauti) mbili za wimbi la msumeno, moja ipandishe senti 7 (senti 100 ni nusu toni). Zikigongana zinatoa wimbi la polepole. Kwenye noti ya herzi 220 linapiga mara 0.9 kwa sekunde, karibu pumzi. Ukipanda okta moja, herzi 440, senti zile zile 7 zinapiga mara 1.8 na hapo inaanza kutetemeka kama baridi. Ndiyo maana kodi nzima ikikaa juu inasikika ya bei rahisi. Teremsha noti za chini, au punguza senti ziwe 3 au 4 kwa noti za juu.

Muda wa kupanda weka sekunde 2 mpaka 4, wa kufifia 6 mpaka 8. Watu wengi hukosea hapa: wanaweka kufifia 8 halafu wanabadilisha kodi kila sekunde 2, kodi nne zinalaliana, inakuwa uji. Kodi mpya ije wakati ile ya zamani imeshuka angalau nusu. Chujio lifungue hadi herzi 800 hivi, lifunguke taratibu kwa mzunguko wa sekunde 20, usiolingana na mapigo. Ukilingana tu sikio linakamata hesabu.

Mwangwi: kwa mapigo 100 kwa dakika, robo tatu ya pigo ni milisekunde 450. Rudisha asilimia 40. Na kila marudio kata besi chini ya herzi 200, vinginevyo mwangwi wa tano ni matope matupu.

#21 Bangaiza
Umetisha. Sasa nani mwenye sahani?

#22 FundiSahani
Mwenye sahani ya 1994 afanye hivi. Linux: cdparanoia -Q, itakupa urefu wa kila wimbo kwa sekta (ndizo fremu zile zile). Windows: Exact Audio Copy, fungua jedwali, tazama mwanzo na mwisho wa kila wimbo kwa fremu. Jumlisha fremu zote, gawa kwa 75.

Angalizo kubwa: programu hazihesabu sawa. cdparanoia na EAC zinaanza wimbo wa kwanza sifuri. Namba za jedwali inazotumia hifadhidata ya MusicBrainz zinaanza 150. Ukichanganya hizo mbili utapata sekunde 2 hewani, na uzi huu utafika kurasa 40.

Toleo la Transmissions la 2020 lisitumike kama shahidi, limemasterishwa upya.

#23 Mwanahisabati_Tanga
Nakazia hilo la mwisho. Na hata mtambo wa CD wa sebuleni unaoonyesha jumla ya muda: nyingine zinatupa fremu, nyingine zinakadiria. Kilichoandikwa kwenye kioo siyo ushahidi.

#24 Mnakili
Kwa wanaotaka kunakili: CD-R ya dakika 74 haitoshi. Inabeba fremu 333,000. Albamu hii ni 343,050. Unazidi kwa fremu 10,050, yaani dakika 2 na sekunde 14. Programu nyingine inakubali kuandika mpaka nje ya mpaka, halafu wimbo wa mwisho unakatika au sahani nzima inakataa kufungwa. Chukua ya dakika 80.

Jambo hilo hilo lipo kwenye sahani ya kiwandani. CD inasomwa kutoka ndani kwenda nje. Wimbo wa 12:18 ndio wa mwisho, kwa hiyo umekaa ukingoni kabisa, mahali vidole vinaposhika na ambapo sahani iliyopinda inayumba zaidi. Ukiona nyimbo tisa zinapiga vizuri na 12:18 unarukaruka, usikimbilie kulaumu lenzi. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari, usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unakula data mfululizo, na marekebisho ya makosa yanashindwa. Unaokatiza njia hauna madhara makubwa.

#25 Bi_Sauti
Na MP3? Kati ya nyimbo nasikia kitobo.

#26 Mnakili
MP3 inapanga sauti kwa mafungu ya sampuli 1,152. Fremu ya CD ni sampuli 588. Mara chache sana urefu wa wimbo utagawanyika sawasawa, kwa hiyo fungu la mwisho linajazwa ukimya, na mwanzoni pia kunaongezwa kidogo. Fungu moja ni milisekunde 26. Kwenye nyimbo zenye ukimya katikati husikii, lakini pedi inapovuka kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine, milisekunde hizo ni shimo. Ripu kwa FLAC (faili lisilopoteza sauti), au ripu albamu nzima iwe faili moja na kyushiti yake (orodha ya mahali kila wimbo unapoanzia).

#27 Santuri_Kuukuu
Mnaongea CD tu. Ukiigawa kazi hii kwenye santuri mbili ni wastani wa dakika 19 kwa upande. Kwa mizunguko 33 na theluthi hiyo inawezekana, lakini wimbo mtulivu hauna mahali pa kuficha mchakacho. Na upande ukifika mwisho, mfereji unapita chini ya sindano kwa sentimita 21 kwa sekunde, wakati mwanzoni ulikuwa 51. Mlio wa juu unachakaa. 4:02 na 14:31 zikikaa upande mmoja ni 18:33, na mwisho wa 14:31 ndio unaoangukia sehemu mbaya. Kile kimlio cha saa kinachogonga tiki, tiki, ndicho kitakuambia kama sindano imechoka.

#28 Kanda_C90
Kaseti: C90 inatosha, tafuta mpaka wa wimbo ulio karibu na dakika ya 38. Usiende C120, utepe wake ni mikroni 9 hivi, sumaku ya mzunguko mmoja inajiandika kwenye wa jirani na unasikia kivuli cha wimbo kabla haujaanza. Kwenye muziki wa kelele hutajua. Kwenye huu utajua.

#29 Shemeji_wa_Saa
Samahani wakuu, kuna mtu alishajiuliza 7:39 ni saa moja na dakika 39 ya asubuhi au ya usiku? 4:02 ni saa kumi na dakika mbili. 14:31 ni saa nane u nusu mchana, jua kali, unasinzia. 12:18 saa sita na kitu. Ila 0:54 imenishinda.

#30 Bangaiza
0:54 ni saa sita usiku na dakika 54, umelala. Ndiyo maana fupi.

#31 Mtu_wa_Lebo
Kwa habari ya kulala: Middleton baadaye amejielekeza kwenye muziki wa usingizi na kusomea ushauri wa usingizi kabisa. Pritchard amehamia Australia, yuko Warp, na mwaka 2025 ametoa albamu na Thom Yorke, mwimbaji wa Radiohead. Kwa hiyo "wamesahaulika" ni neno kali. Watu wenyewe wako kazini, jina la pamoja ndilo limelala.

#32 Rafu_ya_Juu
Napinga na mleta uzi pia. Kwa wanaofuatilia ambienti, 76:14 haikosi kwenye mazungumzo. Aliyesahaulika kweli ni Reload. A Collection of Short Stories, 1993, kupitia Infonet, lebo ndogo chini ya Creation, pamoja na kijitabu cha hadithi fupi. Hiyo ndiyo haitajwi. 76:14 ndiyo imeimeza.

#33 Bi_Sauti
Reload ni kazi ya Pritchard zaidi lakini. Ukiiweka kwenye hesabu ya watu wawili unamnyima haki yake.

#34 Rafu_ya_Juu
Middleton yumo kwenye albamu.

#35 Bi_Sauti
Yumo. Nimesema "zaidi", sikusema "peke yake".

#36 Bangaiza
Post 35, hakuna hata mmoja aliyeweka CD kwenye trei.

#37 MzeeWaDati
Hata akiweka, ikija 76:12 kamili mtasema ni pengo, ikija 76:14 mtasema ni vipande, na mimi nitasema ni karatasi ya studio.

#38 Mwanahisabati_Tanga
Hapana. Ikija chini ya 76:13 hoja ya kutupa vipande imekufa na nitaizika mwenyewe. Fremu ndizo zitasema.

Mnakili, swali: ile 343,050 yako ya post #24 umeitoa wapi? 76:14 mara fremu 75 ndiyo 343,050, lakini 76:12 ni 342,900, na ukiongeza 150 za pengo inarudi 343,050 ile ile. Umeshajumlisha zile 150 au bado?